Barua Niliyoishona

Mjukuu wangu anayefanya kazi Mwanza alinijia likizo na simu mpya. Akaniambia ndani yake kuna namna ya kutumiana ujumbe usiopita kwenye ofisi yoyote.

"Bibi, unaruka simu hadi simu. Kila simu inamjua jirani yake tu. Aliyeko katikati anaubeba lakini haoni kilichomo. Wala hakuna bosi wa kuufungua."

Akanitazama kama mtu aliyeniletea mvua kwenye ndoo. Nikamwambia, "Hiyo mimi niliifanya kwa sindano na uzi, shangazi yako wa mwisho alipokuwa tumboni." Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Alidhani bibi yake anatania.

Ndiyo maana naandika. Naandika mwenyewe, kwa herufi kubwa kubwa, kwa sababu shule yangu ni kisomo cha watu wazima, nilichoingia nikiwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Majina ya watu sitayaweka. Usidhani nimeyasahau. Ninayo yote, la mtu, la baba yake, na la ng'ombe wake wa maziwa. Ila habari yenyewe ni ya siri, na baadhi yao bado wanapita mbele ya nyumba yangu kwenda mashine ya kusaga.

Kijiji chetu kiko Shinyanga, unaiacha barabara ya Mwadui na kutembea mpaka jasho likukaukie mara mbili. Miaka ile ya tisini mwanzoni mvua ilituruka misimu miwili, pamba ikabaki vijiti, na kila siku ya mnada zinaingia habari za dhahabu ya Geita. Wanaume wakaanza kuondoka mmoja mmoja, kimya kimya. Wangu hakujua kufanya jambo kimya. Aliita kaka zake, akaita majirani, akasimama mbele ya mama yake.

"Mayu," akasema, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisukuma, "mimi hapa sikanyagi tena mpaka nije na mabati ya kuezekea nyumba yako."

Mama mkwe akamtazama. "Na nyasi zikivuja kabla hujafika?"

"Nitakuwa njiani."

Watu wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nyuma nafunga kibegi chake, nikawaza, huyu mtu amejifungia mlango na ufunguo ameutupa kisimani mbele ya mashahidi.

Alikaa miezi kumi na moja bila kuonekana. Mwezi wa nane, siku ya mnada mkubwa wa ng'ombe, kijiji kilihamia huko chote. Mama mkwe nilimwona kwa macho yangu akitoka asubuhi na wenzake, kikapu kichwani. Mimi nilibaki na ndama mgonjwa. Jua limeshapanda nikaona mtu anapita nyuma ya ua wa minyaa, ameinama kama mwizi wa kuku. Nikashika mwiko. Kumbe mume wangu.

"Mabati yako wapi?" nikamwuliza.

"Punguza sauti, mama watoto."

"Nampunguzia nani? Wote wako mnadani. Mabati yako wapi?"

"Nimekukumbuka wewe," akasema. "Mabati sijayakumbuka."

Mwiko niliuweka chini. Ungekuwa wewe ungefanya nini?

Alikula ugali na maziwa. Akanieleza namna ya kumpata nikiwa na shida: kuna mwanamke anayeleta dagaa mnadani kwetu, huyo akirudi hupita Buseresere, Buseresere kuna fundi baiskeli, fundi anafahamiana na mama lishe anayepika pale kwenye duara lao, yaani shimo wanalochimba. Saa tisa akaondoka kwa njia aliyojia, kabla watu hawajarudi.

Kwa mama yake hakufika. Hilo ulishike vizuri. Kwetu mtu akitoka safari humsalimia mama yake kwanza, ndipo aingie kwa mkewe. Yeye alipita nje ya ua wa mama yake, hatua ishirini tu, akaendelea. Tukajiambia kwani si yuko mnadani, nani amejua?

Jioni ile nilimkuta mama mkwe anafagia njia ya ng'ombe, ile inayotoka lamboni wanakonywea maji. Nani anafagia njia ya ng'ombe? Ukimaliza leo, kesho zimepita kwato mia nne.

"Mwadila, mayu," nikamwamkia. "Mnadani kulikuwaje?"

"Vumbi," akajibu, akaendelea kufagia.

Nikajisemea, basi tena, uzee umeanza kumwingia kwa upande wa ufagio.

Mwezi wa kumi nikajijua. Nilikuwa na miaka arobaini na tatu. Binti yangu mkubwa ameshanipa mjukuu na alikuwa anangoja wa pili. Nilidhani mambo hayo yameniaga, kumbe yalikuwa yamejificha nyuma ya minyaa. Aibu ya kubeba mimba sambamba na binti yako, mtu anaizoea. Wanawake wa lamboni wangenicheka mwezi mmoja wakachoka. Shida ilikuwa nyingine. Mume yuko Geita mwaka mzima, mke ana mimba, na mchana ule hakuna aliyeuona isipokuwa ndama.

Nikisema alikuja, nimemvua nguo mbele ya kaka zake: aliyeapa hakanyagi amekanyaga, na mama yake amempita kama kisiki. Na kama habari itamfikia kule kwa midomo ya watu kabla yangu, wachimbaji wamcheke, unajua mwanaume akichekwa anaweza kukana hata kidole chake. Akikana, mimi naondoka kwenye nyumba ile na kanga moja, baada ya miaka ishirini na mitano. Kila kitu changu kilikuwa juu ya neno lake. Ilibidi alijue yeye wa kwanza, na aje aliseme mwenyewe.

Kumfuata nisingeweza, nani angebaki na ng'ombe, na ningemwambia nini mama mkwe? Barua za kijiji zilipitia sanduku la posta la shule. Mtu aliyezichukua alizinyanyua juani moja moja kabla ya kuzigawa, kama anayechagua mayai. Kulikuwa na mzee wa kuwaandikia watu barua. Aliandika vizuri, na alikuwa na huruma, ukimweleza shida yako analia. Kisha anakwenda kumlilia mkewe, na mkewe alikuwa na mdomo wa kusambaza mbolea wilaya nzima.

Nikaona dawa ni kuwatumia watu wengi, kila mmoja ajue kidogo.

Nilikwenda Shinyanga mjini, duka la mzee wa Kihindi aliyeuza nguo, nyuzi na vitu vya shule. Nikaomba bahasha nne, kila moja iingie ndani ya nyingine. Akazipanga mezani kama sufuria.

"Mama, unaoza binti? Unaalika mkuu wa wilaya?"

"Nataka na uzi mwekundu."

"Uzi wa nini kwenye bahasha? Gundi ipo, ulimi upo, lamba tu."

"Ya kulamba inafunguliwa kwa mvuke wa chai, mzee."

Akanitazama, akamtazama mkewe. Mkewe akasema, "Mpe uzi mama, na sindano umwongeze. Huyu anajua watu."

Barua yenyewe niliiandika siku tatu, mistari miwili. YULE MCHANA WA MNADA UMESHIKA. NJOO USEME WEWE. Basi. Nikaitia katika bahasha ndogo, nikaishona pande zote kwa uzi mwekundu, ule mshono wa msalaba niliokuwa nautumia kwenye vitambaa vya viti na foronya zetu. Juu sikuandika jina. Nikaitia ndani ya ya pili, nikashona, nikaandika MAMA LISHE AMPE MWENYE KOVU KWENYE NYUSI, ndiye mume wangu. Ndani ya ya tatu: FUNDI BAISKELI AMPE MAMA LISHE WA DUARA LA MLIMANI. Ya nne nikaishona bila neno. Hivi kila mmoja akifungua yake anamkuta anayefuata, na zaidi ya hapo hana habari. Muuza dagaa hajui iendako mwisho. Mama lishe hajui ilikotoka. Na yeyote akichokonoa mshono, utaonekana, maana mkono wangu hauigwi.

Siku ya mnada nikampa muuza dagaa. Akaigeuza geuza.

"Mwenzangu, hii barua au gunia la pamba?"

"Mpe fundi baiskeli Buseresere. Mwambie afungue ya juu tu."

"Kuna nini humu?"

"Kuna bahasha."

"Na ndani ya bahasha?"

"Bahasha."

"Toba! Mimi nauza dagaa miaka yote hii, hata samaki hawafichwi matumbo hivi." Lakini aliitia kifuani, akaenda.

Nilirudi nyumbani natembea kama waziri. Siku mbili nilikuwa natabasamu peke yangu. Siku ya tatu nimekaa nabangua karanga za mbegu, mkono ukasimama na karanga hewani.

Mume wangu hajui kusoma.

Usinicheke. Nimeishi naye robo ya karne. Kisomo alikikataa kwa sababu darasa lilijaa wanawake, akasema hawezi kufundishwa alifabeti kati ya vitoto vinavyonyonya. Ila kanisani alishika kitabu cha nyimbo wazi kifuani, ukurasa wowote, akaimba beti zote kwa kichwa bila kukosea, sauti nzito, mpaka na mimi niliyelala naye nikawa namhesabu katika wasomaji. Nimeilinda barua njia nzima, kutoka Shinyanga mpaka Geita, nimeshona na kushona, halafu nimeipeleka kwa mtu ambaye lazima atafute wa kumsomea!

Na kusomewa kwa kule nilikujua, alinisimulia mwenyewe. Barua za wachimbaji zilisomwa kwa mama lishe, wakati wa ugali. Kulikuwa na mmoja aliyewahi kuwa mwalimu, anasimama, anasoma kwa sauti, wengine wanasikiliza kama taarifa ya habari. Nani mke wake kagombana na wifi, nani mbuzi wake kafa, wote wanajua na wanatoa maoni. Nikaiona mistari yangu miwili inasomwa pale juu ya masufuria, watu thelathini wana tonge mkononi. Yule mchana wa mnada umeshika!

Nikaziacha karanga, nikaenda kukaa kwa ng'ombe.

Wiki zikapita. Mvua zikaanza. Tumbo likaanza. Nikafunga kanga juu, nikafunga na nyingine. Na mama mkwe naye akaanza vituko. Siku moja ananiletea udongo wa kula, ule wa sokoni wanaotafuna wajawazito. "Nilinunua mwingi," anasema, "wewe huujui utamu wake?" Nikaula wote. Siku nyingine lamboni mmoja wa wanawake akauliza mbona siku hizi natema mate, mama mkwe akamkata: "Ana nyongo huyu. Tangu aolewe. Wewe teka maji yako." Nikasema moyoni, ananikusanyia ushahidi. Bibi anahesabu miezi. Siku akimaliza kuhesabu ataita kikao.

Alikuja mwezi wa kwanza, mchana kweupe, kwa njia kubwa. Nilikuwa uani kwa mama mkwe, nachambua majani ya mlenda, ungo nimeuweka mapajani ufunike kinachofunikika. Nikasikia watoto wanapiga kelele. Mume wangu, amekonda, matope mpaka magotini, na mkononi hana bati hata la kufunika kisima.

Safari hii alikwenda kwa mama yake kwanza. Akachuchumaa.

"Shikamoo, mayu."

Mama mkwe akachungulia nyuma yake. "Marahaba. Mabati yako nyuma, yanatembea polepole?"

"Mabati bado, mayu. Nimeletewa barua." Akatia mkono ndani ya shati akaitoa. Ile ndogo, ya ndani kabisa. Imepauka kwa jasho, pembe zimelainika. Nikatazama mshono. Uzi mwekundu wote upo. Hakuna tundu hata moja lililoguswa.

"Hujaifungua?" nikamwuliza, sauti ikanitoka kama ya ndama.

"Mama lishe alinipa wakati wa kula. Yule mwalimu akasimama, akajifuta mikono, lete. Nikaangalia uzi. Nikasema huu uzi naulalia kichwa miaka yote, na aliyeshona hivi hataki mtu mwingine asome. Wakanicheka. Mmoja akasema ni talaka. Mwingine akasema talaka haishonwi, labda ni hirizi. Ikaninyima usingizi wiki nzima, nawapitia watu wa hapa mmoja mmoja kichwani, nani kafa. Mwisho nikaona anayeweza kunisomea ni mmoja tu." Akaninyooshea. "Nisomee."

Mwanaume amevuka ziwa kwa kivuko, amepanda malori mawili, ametembea na tope, ili niliyeandika nimsomee. Nikataka kucheka na nikataka kulia, na nikaogopa kuinuka kwa sababu ya ungo.

"Twende nyumbani nikakusomee," nikasema.

"Isomwe hapa," akasema mama mkwe. "Imetoka mbali. Na sisi tusikie."

Mama mkwe hakujua a wala be, na mtoto wake vile vile. Katika ua ule mwenye macho ya kusoma nilikuwa mimi. Nikakata uzi kwa meno, nikafungua, nikasafisha koo.

"Mume wangu mpenzi," nikasoma. "Hatujambo sote. Mayu anakusalimu. Mvua imeanza vizuri. Ng'ombe wetu mwekundu ameshazaa…"

"Mwekundu yupi?" akauliza mama mkwe.

"Yule… mwekundu, mayu."

"Yule dume?"

Mume wangu akatazama chini. Mimi nikaitazama karatasi kana kwamba kosa ni lake.

"Endelea," akasema mama mkwe, taratibu kabisa, huku anachukua jani la mlenda kwenye ungo wangu. "Fika pale palipoandikwa habari za huyu mwingine aliyebeba." Akaushika ungo, akauondoa mapajani kwangu, akauweka chini.

Mume wangu akaniangalia tumbo. Akaanza kuhesabu kwa vidole, nikamwona. Alipofika kidole cha tano akaacha mdomo wazi.

"Mayu," akaanza, "kuna siku moja…"

"Ya mnada. Nami sikufika mnadani. Goti lilinirudisha nusu ya njia." Akainyooshea kidole miguu ya mwanawe, zile katambuga za tairi la trekta, ya kushoto ina kiraka kisigino. "Nimetafuta ng'ombe waliopotea kwa nyayo tangu nikiwa msichana. Nishindwe na za mtoto niliyemfundisha kusimama? Zilitoka lamboni, zikapita nje ya ua wangu, zikaenda kwa mke wako. Nikasema sawa, atakuja. Nikaenda kukutolea maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Nikakaa nayo mlangoni."

Akachukua jani jingine la mlenda, akalichambua.

"Saa tisa nikaona nyayo zinarudi. Nikasema, haya, kama hataki ajulikane, basi asijulikane. Nikashika ufagio."

Mimi nikakumbuka vumbi la jioni ile, nikakumbuka udongo wa kula, nikakumbuka nyongo niliyozushiwa lamboni. Miezi mitano namkimbia mtu aliyekuwa anafagia nyuma yangu. Mume wangu alikuwa bado amechuchumaa, na mvua ya macho yake inadondoka kwenye matope ya miguu.

"Nisamehe, mayu. Niliona haya, sina mabati."

"Mimi nilikuomba mabati? Uliyataja wewe, watu wakapiga vigelegele, ukalewa. Nisalimie."

"Nimeshakusalimia."

"Hiyo ya leo. Bado ya mnada."

Akainamisha kichwa, mwanaume mwenye wajukuu. "Shikamoo, mayu."

"Marahaba, mwanangu. Sasa wa mnada amefika." Kisha akainua sauti ile ya kuitia ng'ombe, akawaita shemeji zangu kutoka shambani. Walipokusanyika akasimama, akasema, "Ndugu yenu alikuja siku ya mnada kunisalimia, nikamkataza asionekane. Ameacha mzigo kwa mkewe. Mwenye swali aniulize mimi."

Mmoja tu aliguna, akauliza kama mzigo wenyewe ni mabati, na mama mkwe akamtupia jani la mlenda.

Mtoto alizaliwa mwezi wa tano, wa kike, akapewa jina la bibi yake, na hilo nalo silisemi. Nyumba ya mama mkwe iliezekwa mabati miaka minne baadaye. Alilalamika siku zote kwamba mvua inampigia kelele.

Ile barua ninayo, sandukuni, chini ya foronya. Mume wangu nilimsomea yote usiku ule ule, mistari yote miwili, na akataka nirudie. Mjukuu aliyekuja na simu ameniomba aipige picha. Nimemwambia kwanza amsalimie babu yake, maana tangu afike amempita sebuleni mara tatu akiangalia kioo cha simu.

"Nilimsalimia, bibi, kwa ujumbe."

"Hajui kusoma," nikamwambia. "Nenda."